Hesabu ya viumbe wa ufukweni ikienda kombo: dalili, chanzo na marekebisho kwa vikundi vya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria

Mnandi, wale ndege weusi wapiga mbizi, 40 mwezi uliopita, 310 mwezi huu. Kituo kilekile, fomu ileile, mtu yuleyule. Kabla hujatangaza kwamba ndege wameongezeka, shuku vitu vinne kwa mpangilio huu: karatasi, mtu aliyeishika, saa na hali ya hewa, kisha ziwa lenyewe. Ndege wawe wa mwisho. Makosa mengi hukamatwa kwenye viwili vya kwanza, ukiwa bado umekaa mezani, bila hata nauli ya kurudi ufukweni.

Maelezo haya ni ya waratibu na viongozi wa makundi ya watu wa kujitolea wanaohesabu ndege, fisi maji, kenge, konokono na samaki kuanzia Kayenze na Igombe, kushuka Capri Point hadi Luchelele, na ng'ambo upande wa Sengerema na Ukerewe. Si lazima yasomwe kwa mfuatano. Nenda kwenye dalili inayokusumbua.

## Yangeyange wanakula saa saba usiku

Hili ndilo kosa la kwanza kutafuta, kwa sababu ni letu wenyewe na mwongozo wa kigeni hautakwambia. Mtu kaandika 1:40 akimaanisha saa moja na dakika arobaini asubuhi. Kompyuta imesoma 01:40, usiku wa manane. Muda sahihi ni 07:40, na tofauti ni saa sita.

Rekodi ya usiku wa manane haina hatari, maana kila mtu ataicheka na kuirekebisha. Zinazoumiza ni zile zinazoonekana sawa. "Saa 10" ya jioni, ambayo ni 16:00, ikisomwa kama 10:00 ya asubuhi haimshtui yeyote. "Saa 5" ya kukaribia mchana ikisomwa 05:00 inaonekana kama mtu mwenye bidii aliyeamka alfajiri. Hapo ndipo unapata jedwali linalosema fisi maji hupenda mchana wa jua kali, na chanzo ni kalamu.

Rekebisha hivi:

1. Weka sheria moja kwa kila mtu: nakili tarakimu za simu, na simu iwe kwenye mtindo wa saa 24. Mtu aandike 07:40 bila neno "saa" wala "asubuhi".
2. Fomu zilizokwisha kuharibika usiziongezee saa sita kwa mkupuo. Baadhi ya watu waliandika kwa simu tangu mwanzo, nao utawaharibia. Chukua picha yoyote iliyopigwa kwenye matembezi yaleyale, tazama muda wake, linganisha.
3. Kama hakuna picha, muulize mwandishi alipokuwa akianza jua lilikuwa wapi. Akisita, acha safu ya muda wazi na uweke alama ya shaka.

Tarehe nayo ina mtego mdogo: simu iliyowekwa mtindo wa Marekani hutanguliza mwezi. Andika 4 Machi kwa maneno, basi.

## Kituo cha Mwanza kimehamia Uganda, au Moroko

Jiji la Mwanza liko karibu na latitudo -2.52 na longitudo 32.90. Ile alama ya kutoa mbele ya 2.52 ndiyo inayosema tuko kusini mwa ikweta. Makosa yana sura zake, ukiyazoea utayatambua kwa kutazama ramani tu:

- Nukta imeangukia Uganda kaskazini, upande wa Lira: alama ya kutoa imesahaulika.
- Nukta iko Moroko mashariki: namba mbili zimebadilishana nafasi. Ikiwa Algeria, zimebadilishana na alama ya kutoa imepotea pia.
- Nukta iko kama kilomita 23 kaskazini na 40 magharibi ya mlipokuwa: mtu ameandika digrii na dakika kana kwamba ni desimali. 2°31′ si 2.31, ni 2.517, maana 31 inagawanywa kwa 60. Vivyo hivyo 32°54′ ni 32.90, si 32.54.
- Nukta zote za asubuhi nzima ziko mahali pamoja: simu ilitoa eneo ililolikumbuka, haikupima upya.
- Nukta inarukaruka mita 30 au 50 ilhali mtu amesimama: yuko katikati ya mawe makubwa. Majabali ya Mwanza huziba anga na kurudisha mawimbi ya setilaiti. Asogee mahali anga inapoonekana, asubiri dakika moja au mbili mpaka kiwango cha kosa kishuke hadi mita 10 au chini, ndipo aandike.

Desimali nne zinatosha: tarakimu ya nne ni kama mita 11. Mtu anayeandika desimali mbili amekupa mraba wa zaidi ya kilomita moja, na ndani yake kuna mwalo (pa kushushia samaki), hoteli na kichaka cha mafunjo. Hapo huwezi kujua alihesabu kipi.

Jambo jingine la mahali ambalo si kosa: kwenye iNaturalist, tovuti ya kurekodi viumbe, spishi zilizo hatarini hufichwa mahali pake halisi kwa makusudi, na nukta huonekana popote ndani ya mraba wa digrii 0.2. Usihangaike kuirekebisha. Mwombe aliyeweka rekodi akupe namba halisi kwenye fomu yenu.

## Picha zote zina tarehe moja na zote zimepigwa nyumbani kwa mratibu

Zimepitia WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha, WhatsApp huondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, yaani saa, tarehe na mahali. Mratibu anapoipandisha, programu inachukua saa na mahali pa simu yake yeye. Mpiga picha aipandishe mwenyewe, au aitume kama dokumenti na siyo kama picha. Mwenye bando dogo asubiri afike penye waifai. Rekodi ya jioni iliyo sahihi ni bora kuliko ya papo kwa papo iliyovuliwa nguo.

## Namba zinapanda na kushuka kama mawimbi, mwezi hadi mwezi

Weka jedwali lako kando ya kalenda ya mwezi wa angani. Ukiona vilele vinafuata usiku wa giza, umepata jibu.

Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi mingi ya dagaa hupumzika. Basi asubuhi za giza, mwalo kama wa Kayenze au Igombe unakuwa umetandazwa dagaa juu ya mchanga, nyavu na vichanja, na yangeyange, mwewe, shakwe, kunguru na korongo marabu wanamiminika. Wiki mbili baadaye mchanga ni mtupu na ndege wametawanyika. Hakuna aliyekufa wala aliyezaliwa; chakula kimeondoka. Mawingu ya usubi yanayopanda ziwani kama moshi nayo huelekea kutokea karibu na mwezi mpya, na mbayuwayu huyafuata.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu kila mara mwezi ukiwa na umri uleule, tuseme ndani ya siku tatu kabla au baada ya mwezi mpya. Ya pili, ambayo ni rahisi kwa watu wenye kazi na masomo, ni kubaki na Jumamosi yenu ya kwanza lakini kuongeza safu mbili kwenye fomu: umri wa mwezi kwa siku, na "dagaa wameanikwa: hakuna / kidogo / mwalo mzima". Safu hiyo ya dagaa inaeleza mambo mengi kuliko joto la hewa, ambalo kila fomu huliuliza na hakuna anayelitumia.

Kuna pia wimbi la mwaka. Ndege wageni kutoka Ulaya na Asia wapo mwezi Januari, na Julai wengi wao hawapo. Sensa ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika Januari. Linganisha Januari na Januari, si Januari na Julai.

## Mnandi 40 asubuhi, 310 jioni

Hizi ni hesabu mbili tofauti zilizopewa jina moja. Asubuhi unahesabu wanaokula, waliotapakaa ghuba nzima. Jioni unahesabu waliorudi kulala kwenye mawe na miti, yale mawe yanayoonekana kwa mbali yamepakwa chokaa kumbe ni vinyesi. Mwanza jua huzama kati ya 18:35 na 19:10 mwaka mzima, kwa hiyo hesabu ya kulala ianze 17:00 na iishe mwanga unapokwisha. Ipe fomu yake, na isichanganywe na ya asubuhi hata siku moja.

Hesabu ya asubuhi ianze 07:00 na ikome 10:00. Baada ya hapo upepo wa ziwani huanza kuvuma, maji yanafanya mikunjo, na kichwa cha ndege aitwaye mbizi au cha fisi maji hupotea kati ya wimbi na wimbi. Pwani ya jiji inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni na rangi zinaonekana vizuri. Kuanzia mchana unapigwa na mng'ao usoni na kila ndege ni mweusi. Upande wa Kamanga, ng'ambo ya ghuba, ni kinyume chake. Kundi la Kamanga likiripoti "mnandi wengi, wengine hawakutambulika" kila asubuhi, usiwalaumu macho. Wahamishie upande wa pili wa rasi au wabadilishie saa.

## Mnandi wamejaa, mbizi hawapo

Karibu kila kundi jipya huandika hivi. Mbizi yupo, ila amehesabiwa kama mnandi. Wote weusi, wote wanapiga mbizi, wote wanakaa juani wametanua mabawa.

Tazama mdomo kwanza. Mdomo wa mnandi una ndoano kwenye ncha. Wa mbizi (*Anhinga rufa*) ni mkuki ulionyooka, na shingo yake nyembamba ina kipinda kama imevunjika ikaungwa. Akiogelea mwili wote huzama na shingo pekee inabaki juu, ndiyo maana watoto wa mwaloni hupiga kelele "nyoka!".

Kisha mnandi wenyewe ni wawili. Mkubwa, *Phalacrocorax carbo*, ana urefu wa sentimita 80 hadi 100 na wa kwetu ana koo na kifua cheupe akikomaa. Mdogo, *Microcarbo africanus*, ni sentimita 50 hadi 55, mdomo mfupi wa njano, jicho jekundu, mkia mrefu ukilinganisha na mwili. Mtego uko kwa makinda: mdogo akiwa mchanga ana tumbo la kufifia, na mtu aliyefundishwa "mweupe kifuani ndiye mkubwa" atamweka pasipo pake. Fundisha ukubwa na mkia, rangi iwe ya tatu. Asiyekuwa na hakika aandike "mnandi, hajatambuliwa", na fomu iwe na mstari huo umeshachapwa. Bila mstari huo mtu atabahatisha, kwa sababu hakuna anayependa kuonekana hajui.

Vichwa majini vina utata wao. Utaona kitu cha kahawia kinakata maji kuelekea kwenye matete, umbali wa mita 60. Kama mwili unajipinda kulia na kushoto kama kamba inayovutwa, na kinakwenda mwendo mmoja bila haraka, ni kenge. Kama kichwa ni cha duara, kinazama na kuibuka mahali pengine, na wakati wa kuzama mgongo unapanda upinde halafu mkia unafuata juu, ni fisi maji. Shingo tupu iliyosimama wima ni mbizi. Ukiona macho na pua tu, vimetulia kabisa, toka kwenye maji kwanza, utaandika baadaye.

Fisi maji hujulikana zaidi kwa kinyesi chake kuliko kwa sura yake. Tafuta juu ya jiwe tambarare karibu na maji: magamba na mifupa midogo ya samaki, au vipande vya kaa. Nguchiro wa majini naye hula kaa, basi kinyesi cha kaa peke yake kisiandikwe fisi maji. Piga picha ukiwa umeweka rula ya sentimita 15 kando yake.

Na maneno yenyewe yana hila. "Korongo" ufukweni ni kila ndege mwenye miguu mirefu. "Yangeyange" ni kila cheupe, kuanzia yule mwenye mdomo mweusi na vidole vya njano mpaka yule wa mdomo mfupi wa njano anayefuata ng'ombe. Chapisha karatasi moja yenye picha, jina la Kiswahili, la Kisukuma au Kikerewe kama linatumika hapo, na la kisayansi. Mtu atumie jina analolijua nyumbani, ninyi mlibadilishe ofisini.

## Watu wawili, kundi moja, hesabu mbili

Tofauti ndogo ni kawaida. Chini ya ndege 100, kubali tofauti ya asilimia 10 na uchukue wastani. Ikizidi, warudie pale pale, kila mtu peke yake, bila kusemezana. Wakisemezana mdogo atafuata namba ya mkubwa wake na utapata makubaliano ya adabu, si ya hesabu.

Kwa makundi makubwa kosa lina upande: watu hupunguza. Zoezi lake ni maharage. Mwaga punje 137 kwenye sinia, wape sekunde 10, funika, kila mtu aandike. Kisha wafundishe kuhesabu kumi kwa uangalifu, kuliona umbo la ile kumi, na kulipima juu ya kundi zima. Rudia na punje 260, 85, 410. Baada ya nusu saa namba zinasogeleana.

Kuhesabu mara mbili ndiko kunakozidisha. Kundi la Capri Point linahesabu mnandi 60, wanaruka, dakika kumi baadaye kundi la Nyegezi linawapokea na kuwaandika upya. Tiba: wote watembee mwelekeo mmoja, saa za kuanza zilingane, na kila kundi linalopita juu liandikwe muda na mwelekeo: "60, 08:12, kusini". Ofisini mnaoanisha.

## "Hakuna mbizi mwezi huu"

Hakuna, au hakuna aliyetafuta? Nafasi wazi kwenye fomu haisemi. Tumia alama tatu: 0 ni "tulitafuta, hatukuona", mstari mfupi ni "hatukutafuta", X ni "walikuwepo, hatukuhesabu". Kwenye eBird, tovuti ya kurekodi ndege, kuna swali la kama orodha ni kamili, yaani umeandika kila ndege uliyemtambua. Mtu aliyeandika tai pekee kwa sababu alimpendeza asijibu ndiyo.

Andika pia juhudi: watu wangapi, dakika ngapi, mita ngapi. Mbizi 6 kwa saa tatu na mbizi 6 kwa dakika 40 si habari moja. Fomu isiyo na juhudi, hata ikiwa na mwandiko mzuri, haiwezi kulinganishwa na nyingine, na ni afadhali kuiweka kando kuliko kuikadiria.

Kama gugumaji limefunga ghuba, 0 nayo inahitaji maelezo. Mkeka wa gugumaji husukumwa na upepo. Jana maji meupe, leo shamba. Simama mahali palepale, piga picha upande uleule, kadiria sehemu iliyofunikwa kwa robo: 0, ¼, ½, ¾, yote.

## Kituo cha konokono kiko chini ya maji

Miongozo mingi ya ufukweni imeandikwa kwa ajili ya bahari: subiri maji kupwa, ikiwezekana bamvua, weka fremu (mraba wa kuhesabia viumbe walio ndani yake) kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa. Ziwa Victoria halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Lina kitu kingine: kina kinachopanda na kushuka kwa misimu na miaka, na upepo unaosukuma maji kwenye ghuba. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda mpaka yakameza njia na miti ya ufukweni. Kigingi chochote kilichokuwa kimepigwa kwenye mchanga kilipotea.

Kwa hiyo kituo kisifungwe kwenye mstari wa maji. Kifunge kwenye jabali lisilofikiwa na maji, kwa picha na vipimo, bila kulipaka rangi. Kila ziara pima kwa futi umbali kutoka alama hiyo hadi maji yalipo leo. Kisha weka fremu kwa kina, si kwa mahali: sentimita 20 na sentimita 40.

Fremu yenyewe: vipande vinne vya bomba la plastiki la nusu inchi, elbo nne, na upande wa ndani upime sentimita 50 kamili. Mafundi hukata bomba sentimita 50 halafu elbo zinaongeza. Matokeo ni fremu kubwa na konokono wa ziada. Toboa matundu ili izame. Funga nailoni kila sentimita 10 upate vyumba 25.

Ukiona kila fremu ina konokono wengi, mtu anaitupa anapowaona. Ni tabia ya binadamu, hakuna anayetaka kuandika 0. Weka vizibo vya soda 31 kwenye mfuko, vimeandikwa 0 hadi 30. Kizibo kinachotoka ndicho idadi ya hatua kutoka alama.

Utambuzi: shika gamba ncha ikiwa juu, mdomo ukikutazama. *Biomphalaria* ni bapa kama kamba iliyozungushwa mezani. *Bulinus* ana ncha, na mdomo uko kushoto. *Melanoides* ni mnara mwembamba, mdomo kulia. Makosa hutokea kwa *Lanistes*: mdomo wake pia huonekana kushoto, lakini ana kifuniko kigumu cha kufunga mlango, na *Bulinus* hana. Gusa mlango kwa kijiti kabla ya kuandika.

*Biomphalaria* na *Bulinus* ndio wanaobeba kichocho, na mwambao wa Mwanza unacho. Vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kukaribia na kupita mchana, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Kazi hii ni ya asubuhi mapema, kwa gambuti ndefu za kufika mapajani na glavu ndefu za mpira, na kina kisizidi gambuti. Anayelowa ajifute kwa taulo papo hapo, na kila mshiriki wa kudumu apimwe kituo cha afya. Mtoto haingii majini.

## Hakuna sangara hata mmoja chini ya sentimita 50

Jedwali safi kama hili ni dalili ya kufichwa. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na mtu mwenye rula na daftari mwaloni anafanana na mkaguzi. Samaki wadogo wameshaingia chini ya turubai kabla hujasema shikamoo.

Pita kwanza kwa mwenyekiti wa BMU, yaani kikundi cha kusimamia rasilimali za ufukwe, ueleze mnapima nini na namba zinakwenda wapi. Ondoa kwenye fomu safu ya namba ya mtumbwi na jina la mvuvi. Kama huna matumizi nazo, zinakufukuzia samaki tu. Usipige picha nyuso. Hata hivyo chukulia hesabu ya mwaloni kuwa ya samaki walioonyeshwa, na uandike hivyo kwenye ripoti.

Urefu ukiwa na tofauti ya sentimita moja kila mara, tazama futi. Futi ya fundi cherehani huchakaa mwanzo ikakatwa. Pima juu ya ubao wenye kizuizi, kuanzia ncha ya mdomo uliofungwa hadi mwisho wa mkia.

Sato na ngege: sato ana mistari ya wima iliyopangika kwenye pezi la mkia, ngege hana. Furu usiwagawe. Ni mamia ya spishi, wataalamu wenyewe hubishana wakiwa na hadubini. Andika "furu" na idadi.

## Kila mvuvi anasema ndiyo

"Mzee, fisi maji wapo hapa?" Wapo. "Na mamba?" Wapo. "Na ngege?" Tele. Umeuliza swali la kukubali, naye amekujibu kwa heshima. Uliza linalomgusa: "Baba, nyavu zako zinachanwa na nini siku hizi?" Ukimpa picha, ziwe nane, na moja iwe ya mnyama asiyekuwepo ziwani, pomboo kwa mfano. Akimkubali pomboo, mshukuru, maliza soda yako, na mahojiano hayo uyaweke pembeni.

## Mijusi wa kiume tupu

Dume la *Agama mwanzae* ana kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, anaonekana toka barabarani. Jike ni rangi ya jiwe. Simama dakika tano bila kusogea, kagua jabali kwa darubini kuanzia juu kwenda chini. Asubuhi ya mawingu wote wako nyufani, ahirisha. Wale wa Kisiwa cha Saanane wamo ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2013, na hesabu huko ina kibali chake, hata kama ni ya kujitolea.

## Samaki wanaelea, au ndege wamekufa kadhaa pamoja

Hapa acha kuhesabu kwa mazoea. Andika muda, mahali, spishi, idadi, rangi na harufu ya maji, upepo wa usiku uliopita. Samaki wa aina nyingi wakielea kwa pamoja baada ya upepo mkali, mara nyingi maji ya chini yasiyo na oksijeni yamepanda juu. Wakiwa aina moja na ukubwa mmoja, uliza kwanza kama kuna vizimba vya kufugia karibu. Ripoti siku hiyohiyo kwa afisa uvuvi wa wilaya au kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) Mwanza. Ndege waliokufa ni kwa daktari wa mifugo: msiwaguse kwa mikono mitupu, msiwabebe kwenye mfuko wa sampuli wa konokono, na watoto na mbwa wazuiwe mpaka afike.